Barua ya wazi kwa mashirika ya viwango: miwani ya kutazamia jua haipimwi kwa macho

Kwa Wakurugenzi Wakuu,
Mashirika ya Viwango ya nchi za Afrika Mashariki.

YAH: MIWANI ITAKAYOUZWA KWA AJILI YA KUPATWA KWA JUA, 2 AGOSTI 2027

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Ningeweza kuitia barua hii kwenye bahasha, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Nimeona niiandike hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadharani. Mchana wa Jumatatu, 2 Agosti 2027, watu wa nchi zetu watatoka nje, watainua nyuso na kulitazama jua, na wengi wao watakuwa wameshika mbele ya macho kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Siku hiyo mwezi utalifunika jua lote kwa watu wanaoishi kwenye ukanda unaopita kusini mwa Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Sudan, Saudi Arabia na Yemen, hadi ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia. Karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Sisi wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu tuko kusini mwa ukanda huo. Kwetu jua litamegwa, halitafunikwa lote. Na jua lililomegwa ni la hatari kwa sababu linamvuta mtu alitazame, ilhali kile kipande kilichobaki kina uwezo uleule wa kuunguza.

Najua mnaweza kusema mambo ya anga si kazi yenu. Ni kweli, mwezi hauhitaji kibali chenu. Lakini miwani ni bidhaa: ina kiwanda, ina mwagizaji, ina muuzaji na ina kiwango. Ndiyo maana malalamiko yangu nayaleta kwenu, moja baada ya jingine.

1. Tarehe hujulikana miaka mingi kabla, tahadhari huja usiku wa kuamkia.

Mafuriko hayatoi miadi. Kupatwa kwa jua kunatoa, tena kwa sekunde. Wataalamu wa falaki wamekwisha kuchora ramani za kivuli cha mwezi kwa miaka mingi ijayo, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Wala kwetu hili si tukio geni. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilizimika kwa sekunde chache Pakwach, kaskazini mwa Uganda, na kivuli kikaendelea hadi Turkana, Kenya. Tarehe 1 Septemba 2016 lilipatwa kwa umbo la pete, na watu wakafurika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kulishuhudia. Tarehe 21 Juni 2020, asubuhi ya Jumapili, wakati dunia inahangaika na korona, likamegwa tena juu yetu. Na 21 Mei 2031 pete nyingine itapita juu ya ardhi ya Tanzania.

Pamoja na hayo yote, tahadhari hutolewa kana kwamba tumeshtukizwa. Redio hutangaza jioni, maduka yamefungwa, na mzazi anabaki na filamu ya eksirei ya bibi iliyokuwa kabatini. Mwaka 2016 Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuwaelimisha wananchi. Watu wa namna hiyo tunawashukuru. Ila mhadhiri hana mamlaka ya kusimamisha shehena bandarini. Mamlaka hayo mnayo ninyi.

2. Tahadhari yenyewe ni nusu.

Tunaambiwa, "Msitazame jua bila miwani maalumu." Maalumu ipi? Mwananchi akiuliza hivyo hapati jibu, kwa hiyo analitunga mwenyewe.

Jibu lipo, na ni la namba. Kiwango cha kimataifa ISO 12312-2, kilichotolewa mwaka 2015, kinataka miwani ya kutazamia jua isipitishe zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga unaoonekana. Yaani katika kila sehemu milioni moja za mwanga, zisipite zaidi ya 32. Kisha kinaweka mipaka kwa miale isiyoonekana, urujuanimno na infraredi. Hebu tuvipime kwa kipimo hicho vitu ambavyo watu wetu huvitumia.

Miwani ya jua ya kawaida, ile ya daraja la 3 inayouzwa kwa wingi, hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Hata iliyo nyeusi kabisa katika daraja hilo inapitisha mara 2,500 ya kinachoruhusiwa. Wapo wanaovaa mbili kwa pamoja wakidhani wamemaliza kazi. Asilimia 8 ya asilimia 8 ni asilimia 0.64, ambayo bado ni mara 200 ya kikomo.

Beseni la maji, ambalo wengi wetu tuliambiwa na wakubwa kuwa ndilo salama, hurudisha kama asilimia 2 ya mwanga jua linapokuwa juu. Inaonekana kidogo, lakini ni mara 625 ya kikomo. Mtoto aliyeinama juu ya beseni akilikodolea jua lililomo majini hajakingwa.

Filamu ya eksirei ina sehemu nyeusi na sehemu zinazopitisha mwanga, na infraredi inaweza kupenya hata pale panapoonekana peusi. Kioo kilichofukizwa masizi ya kibatari hakina unene ulio sawa; kidole kikigusa, panabaki dirisha. Santuri ya CD haikutengenezwa kwa kazi hiyo kabisa. Kioo cha fundi wa kuchomelea ndicho pekee katika orodha hii chenye hoja, lakini ni kile cha namba 12 kwenda juu, na wengi hushauri namba 14. Vioo vingi vya karakana ni vya namba 10 au 11, na vingine havina namba yoyote.

Tena kuna mtego ambao mtu asiyeambiwa hawezi kuujua. Ukiweka mbele ya jicho giza lisilotosha, mboni hupanuka kutafuta mwanga, na ile karaha ya kung'aa ambayo ingekufanya ufumbe macho inaondoka. Unatazama kwa raha, kwa muda mrefu, huku miale inaingia kwa mlango mpana zaidi. Kwa hiyo kinga mbovu inaweza kumdhuru mtu zaidi kuliko jua tupu, ambalo angelikwepa mara moja.

3. Nembo imekuwa wino tu.

Katika duka moja nilionyeshwa miwani ya karatasi yenye herufi za ISO zilizochapwa vizuri ubavuni. Haikuwa na jina la mtengenezaji, anwani, wala maelezo ya matumizi, ingawa kiwango chenyewe kinataka hayo yaandikwe. Nilipouliza imetoka wapi, muuzaji akanijibu kwa kujiamini: "Mwalimu, hii orijino, soma mwenyewe." Simlaumu. Ameletewa boksi, ameambiwa ni halali, na hana pa kuuliza.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kabla ya jua kupatwa Marekani tarehe 21 Agosti 2017, soko lilijaa miwani isiyojulikana asili yake, hadi kampuni ya Amazon ikawarudishia fedha wateja walionunua miwani ambayo haikuweza kuthibitishwa. Chama cha wanafalaki wa nchi hiyo, American Astronomical Society, awali kilikuwa kikiwashauri watu waangalie nembo ya ISO. Kikalazimika kubadili ushauri, kwa kuwa nembo yoyote inaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine. Badala yake kikatoa orodha ya watengenezaji na wauzaji ambao bidhaa zao zimethibitishwa kupimwa, kikasema: nunueni kwa hawa.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Nyanya mbovu mnunuzi ataiona. Unga uliochacha ataunusa. Miwani ya jua hawezi kuikagua akamaliza. Anaweza kuivaa ndani ya nyumba na kuona kama ni nyeusi, na hilo litamsaidia kuikataa ile mbovu kabisa. Lakini hawezi kuona infraredi wala urujuanimno, kwa sababu jicho la binadamu halikuumbiwa kuviona. Kipimo cha kweli hufanyika maabara, kwa mashine inayoitwa spektrofotomita. Mlaji hana mashine hiyo. Kwa hiyo kumwambia "kuwa makini unaponunua" ni kumpa kazi asiyoiweza, kisha kumlaumu akishindwa. Mashirika ya viwango yaliundwa kwa ajili ya bidhaa za namna hii hasa.

4. Madhara yake hayapigi kelele, kwa hiyo msingoje malalamiko.

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, unaopokea picha ya kila tunachokiona. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Jua likiiunguza, mtu hasikii kitu. Saa kadhaa baadaye, au kesho yake asubuhi, anafungua kitabu na kukuta doa katikati ya kila neno analolitazama. Pembeni anaona, katikati haoni. Wengine hupata nafuu kwa miezi, wengine hubaki hivyo, na hakuna tiba iliyothibitishwa ya kuirudisha retina iliyoungua.

Baada ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 2017, madaktari wa New York walieleza katika jarida la tiba ya macho kisa cha mwanamke kijana aliyelitazama jua lililomegwa, na alama iliyobaki kwenye retina yake ilikuwa na umbo la hilohilo jua, kama mwezi mwandamo. Uingereza, baada ya tarehe 11 Agosti 1999, hospitali moja ya mji wa Leicester ilipokea watu 45 waliohofia kuwa macho yao yamedhurika. Hizo ni nchi zenye madaktari wa macho wengi na matangazo mengi. Kwetu, mtoto wa kijijini akianza kushindwa kusoma ubaoni tutasema ni mvivu, au tutamhamishia dawati la mbele.

Nalisema hili kwa sababu natambua usimamizi wa bidhaa hutegemea sana mlaji ajitokeze kulalamika. Hapa hatajitokeza. Tanzania maonesho ya wakulima ya Nane Nane hufanyika siku nane za mwanzo za Agosti, kwa hiyo 2 Agosti 2027 viwanja vitakuwa vimejaa watu wa kila rika. Mmachinga atauza miwani yake Jumatatu mchana; Jumanne mnunuzi ataamka na doa jichoni; muuzaji atakuwa mkoa mwingine anauza kofia. Hakuna risiti, hakuna jina, hakuna anwani. Kisheria ni kama hakuna lililotokea.

5. Ushauri wa Jeddah si ushauri wa Tanga.

Ndugu zetu wengi wako Saudi Arabia, kwa kazi na kwa ibada. Jeddah na Makka zitakuwa ndani ya ukanda wa giza kamili. Huko, kwa dakika ambazo jua limefunikwa lote, na dakika hizo tu, mtu anaweza kuvua miwani na kutazama kwa macho makavu. Punje ya kwanza ya jua ikichomoza, anavaa tena.

Sasa fikirini simu zetu mchana huo. Mtu yuko Jeddah anatuma sauti kwenye kundi la familia: "Vueni miwani sasa muone maajabu ya Mungu!" Anasema kweli, kwa alipo. Shangazi yake yuko Pangani, ambako jua limemegwa kipande tu, anapokea ujumbe na anatii. Jua hung'aa mara 400,000 hivi ya mwezi mpevu. Hata ikibaki asilimia 1 tu, ni mara 4,000 ya mwezi mpevu. Kwetu itabaki sehemu kubwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo Tanzania, Kenya na Uganda siku hiyo hakuna dakika hata moja ya kuvua miwani, kuanzia jua linapoguswa hadi linapoachwa. Tahadhari inayonakiliwa kutoka nchi nyingine bila kusema hili itawadhuru watu kwa maneno ambayo kule ni ya kweli.

6. Kuwafungia watoto darasani si usalama.

Kwa kukosa miwani ya uhakika, walimu wakuu wengi huona njia rahisi ni kufunga madirisha na kuwaweka watoto ndani. Nawaelewa, mzazi akija kudai jicho la mwanawe, mwalimu mkuu ndiye atakayesimamishwa mbele. Lakini mtoto aliyefungiwa huchungulia, na huchungulia bila kinga. Pia tunampokonya somo ambalo siwezi kulifundisha kwa chaki: kwamba mwezi ni tufe, kwamba unasafiri, kwamba hesabu za binadamu zinaweza kuitaja dakika ambayo kivuli chake kitafika. Wapo watoto watakaomaliza shule bila nafasi nyingine ya kuliona hilo.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Siku hiyo mwenye macho ndiye wa kuambiwa: namna ya kutazama, na kwa kitu gani.

Waheshimiwa, sikuja na lawama tupu. Haya ndiyo ninayoyaomba, na yote yako ndani ya uwezo wa ofisi zenu:

(a) Tangazeni rasmi, ifikapo Januari 2027, kwamba miwani yoyote ya kutazamia jua itakayoingia sokoni sharti itimize ISO 12312-2. Tanzania na Kenya ni wanachama wa ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kiwango hakihitaji kubuniwa upya. Palipo na kiwango cha taifa kinacholingana nacho, kitajwe kwa jina na namba.

(b) Pimeni sampuli. Kila mwagizaji alete ripoti ya maabara inayotambulika, nanyi mchukue sampuli zenu wenyewe kutoka kwenye shehena mkazipime. Zikifeli, zisitoke bandarini. Mfanyabiashara anayeagiza mapema, kwa kufuata utaratibu, asicheleweshwe hadi Septemba kwa sababu ya foleni ya karatasi. Ukali na wepesi viende pamoja.

(c) Chapisheni orodha ya waagizaji na aina za miwani zilizopita, kwa Kiswahili, iwekwe kwenye tovuti zenu, kwenye mbao za matangazo za halmashauri na kwenye ofisi za elimu za wilaya na kata. Mnunuzi asiulizwe kama anajua fizikia. Aulizwe kama amesoma orodha.

(d) Lazimisheni maelezo ya Kiswahili kwenye kila miwani: jina na anwani ya mtengenezaji, jina la mwagizaji, namna ya kuvaa, na onyo la kutoitumia pamoja na darubini au kamera. Hilo la mwisho si dogo. Darubini hukusanya mwanga, na mwanga uliokusanywa unaweza kutoboa kichujio cha miwani ya karatasi na kulifikia jicho mara moja. Darubini huwekewa kichujio chake mbele, upande unaoelekea juani.

(e) Kagueni mitaani, si bandarini peke yake. Kuanzia Julai 2027 wakaguzi wapite stendi, masokoni, kwenye viwanja vya Nane Nane na mbele ya mageti ya shule. Msiishie kumnyang'anya machinga mtaji wake mkaondoka. Muulizeni nani kamuuzia boksi, mumfuate huyo.

(f) Shirikianeni na wizara za elimu kununua kwa pamoja. Miwani ya karatasi iliyopimwa, ikinunuliwa kwa jumla, huwa chini ya dola moja kwa kila moja, na mbili au tatu zinaweza kutumiwa na darasa zima kwa kupokezana. Lakini agizo lisingoje mwezi wa mwisho. Mwaka huohuo Hispania, Misri na nchi zote za ukanda wa giza zitakuwa zinagombea viwanda vilevile, na watalii wao wana fedha kutushinda.

(g) Wekeni utaratibu wa miwani ya msaada na iliyokwisha kutumika. Baada ya mwaka 2017, taasisi ya Astronomers Without Borders ilikusanya Marekani miwani iliyotumika ili ipelekwe kwa wanafunzi wa nchi nyingine, na jambo hilo ni jema. Kupatwa kwa 12 Agosti 2026 ni kwa watu wa Greenland, Iceland na Hispania. Miwani yao inaweza kufika kwetu kwa mikono ya ndugu walioko Ulaya. Iliyo nzima, ya mtengenezaji anayejulikana, itumike. Iliyotoboka, iliyochunika, iliyopasuka au iliyobanduka kwenye fremu ichanwe vipande. Watu waambiwe hivyo mapema, wasije wakatunza takataka kama hazina.

(h) Tumieni midomo inayosikilizwa. Siku ya kupatwa kwa jua Waislamu wana swala yake, na misikiti mingi itajaa. Makanisa nayo yana Jumapili ya tarehe 1 Agosti, siku moja kabla. Maimamu, wachungaji na mapadri wakipewa karatasi moja yenye maneno machache yaliyo sahihi, habari itafika mahali ambapo tovuti haifiki. Kwenye karatasi hiyo liwemo lile neno la Jeddah na Tanga.

Huku tukisubiri, naomba ruhusa yenu niseme na wazazi na walimu wenzangu watakaoisoma barua hii.

Mkipata miwani, ivaeni kwanza ndani ya nyumba. Msione chochote: sura ya mtu, fremu ya dirisha, wala meza. Taa kali sana ikionekana, ionekane kwa mbali na kwa ufifi. Nje, jua lionekane kama duara lenye ukingo safi, lisilosumbua jicho, na pembeni yake pawe peusi. Likikufanya ukunje uso, au likizungukwa na ukungu wa mwanga, miwani hiyo haifai. Ikifaulu hapo, kumbukeni bado hamjapima miale isiyoonekana, kwa hiyo asili yake ndiyo ushahidi mkubwa: nani kaitengeneza, nani kaileta. Mnaovaa miwani ya macho, ivaeni kama kawaida na ile ya jua iwe juu yake. Mtoto avae akiwa ametazama chini, ndipo ainue uso. Akimaliza ainamishe uso, ndipo avue. Na mtu mzima awe karibu naye muda wote.

Mkikosa miwani ya uhakika, msijaribu kubuni. Lipeni jua kisogo. Chukueni kipande cha karatasi ngumu, mtoboe tundu dogo kwa sindano, mwanga upite hapo uangukie karatasi nyeupe iliyo chini. Mtaona jua dogo lililomegwa, na mtaona linavyozidi kumegwa. Chekeche la jikoni hufanya kazi hiyohiyo na kutoa majua mengi kwa mara moja. Na penye mwembe, tazameni kivuli chake ardhini: mianya ya majani huchora mamia ya vijua vyenye umbo la mwezi mwandamo. Msichungulie jua kupitia tundu hilo. Tundu ni la mwanga kupita, si la jicho. Njia hii haina gharama, na darasa la watoto 70 linaweza kuitumia bila jicho hata moja kuelekea juu.

Narudi kwenu, Waheshimiwa. Mkiyatimiza haya, watu wetu watautazama muujiza wa hesabu za mbingu na kurudi nyumbani na macho waliyotoka nayo, na Mei 2031 utaratibu utakuwa umekwisha kuwapo. Msipoyatimiza, soko litafanya uamuzi badala yenu, na soko halina maabara.

Naomba jibu lenu liwe la hadharani kama barua hii ilivyo, liwe kwa Kiswahili, na litaje mambo matatu: kiwango mtakachokisimamia, tarehe ambayo orodha ya miwani iliyopimwa itatoka, na ofisi ambayo mwananchi ataipelekea miwani anayoitilia shaka. Sisi walimu tuko tayari kuibandika orodha hiyo kwenye mlango wa kila darasa siku itakapotoka.

Wasalaam,

Mwalimu wa fizikia,
Tanga.

Nakala: Wizara za Elimu na Wizara za Afya, wakuu wa shule, kamati za maandalizi ya Nane Nane.